Kikuza Sauti cha Gari Katika Nchi ya Mvua

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Kyela hupanda kwanza kutoka Uyole hadi Isongole, mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kisha huanza kuteremka kupitia Kiwira na Tukuyu hata afike uwanda wa Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko kiasi cha mita 475 tu. Isongole huvaa sweta, na Kyela huivua. Gari alilopanda nalo hupitia mabadiliko hayo hayo ya baridi, ukungu, mvua na joto, lakini halina sweta la kuvua.

Magari mengi ya abiria ya njia hiyo, pamoja na yale ya matangazo yapitayo mitaani Tukuyu kuwaita watu kwenye mkutano au kwenye chanjo ya watoto, yamefungwa kikuza sauti, chombo ambacho mafundi hukiita amplifaya. Kila mwaka, mvua kubwa za Machi hadi Mei zinapoingia, vyombo hivi huanza kuugua. Kimoja hunyamaza kabisa, kingine hukoroma, na kingine hulia kama mbu. Mwenye gari huambiwa kwamba chombo kimeungua, akauziwa kingine, na baada ya miezi michache kipya nacho hufuata njia ya mwenzake. Mara nyingi chombo cha kwanza hakikuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuwa katika waya.

Ili kuyafahamu maradhi haya yatupasa kwanza kujua kazi ya chombo chenyewe. Redio ya gari hutoa umeme dhaifu sana unaopandashuka kwa kufuata sauti, na nguvu yake haitoshi kusukuma spika kubwa. Tuchukue mfano wa mfereji wa maji uliojengewa lango. Mtoto mdogo aweza kulipandisha na kulishusha lango kwa mkono mmoja, na maji yapitayo hapo yakazungusha kinu kizima. Nguvu ya kinu haitoki katika mkono wa mtoto bali katika maji, na mkono huamua tu yapite mengi au machache. Transista zilizomo ndani ya kikuza sauti ndizo lango, umeme dhaifu wa redio ndio mkono wa mtoto, na betri pamoja na altaneta ndizo mto wenyewe. Kwa hiyo kikuza sauti hakizalishi nguvu. Huichota kutoka betrini, na kwa wingi.

Na tuone ni kwa wingi gani. Kikuza sauti cha aina ya zamani kinachozipa spika wati 100 huhitaji takriban wati 200 kutoka kwenye betri, kwa maana karibu nusu ya umeme hupotea kwa kugeuka joto. Ndiyo sababu bweta lake hutengenezwa kwa alumini yenye mapezi ya kupoza. (Vile vya aina mpya, vinavyowasha na kuzima transista zake maelfu ya mara kwa sekunde, hupoteza kidogo zaidi, pengine sehemu moja tu kati ya tano.) Injini inapozunguka, betri huwa na volti 13 au 14. Ukigawanya wati 200 kwa volti 13 utapata ampea 15 na zaidi. Huo si mkondo mdogo, kwani taa kubwa moja ya mbele ya gari hutumia ampea 4 au 5 tu.

Hapa ndipo Georg Simon Ohm anapoingia. Mjerumani huyo alichapisha mwaka 1827 kanuni isemayo kwamba volti zinazopotea katika waya ni sawa na mkondo ukizidishwa kwa ukinzani wa waya huo. Tuseme kwamba waya wa hasi umefungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari, na chini ya bolti hiyo pana rangi kidogo na kutu kidogo, jumla ya ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu. Mkondo wa ampea 15 ukipita hapo, volti moja na nusu hupotea, na joto la wati zaidi ya 22 huzaliwa katika bolti moja. Hilo ni joto la pasi ndogo ya kulehemu. Msomaji aliyewahi kuona plastiki ya waya imeyeyuka karibu na bolti sasa anajua sababu yake. Kikuza sauti nacho, kikipata volti 11 badala ya 13 kila mdundo mzito unapopigwa, hukoroma, huzima na kuwaka tena, na mwenyewe hudhani kimekufa.

Wilaya ya Rungwe hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali Dodoma hupata takriban 600. Basi kutu inayochukua miaka mingi Dodoma, hapa ina haraka. Hata hivyo mvua peke yake haitoshi kueleza mambo. Kikuza sauti hufungwa chini ya kiti, na chini ya kiti ndiko pia abiria wa Rungwe huweka mizigo yao: mikungu ya ndizi inayodondosha maji na utomvu, madumu ya maziwa, mifuko ya mbolea ya chumvichumvi. Mbolea ndiyo adui mbaya kuliko wote. Punje zake hunyonya unyevu wa hewa zikawa majimaji yenye chumvi, nayo majimaji hayo hupitisha umeme na kuila shaba ya waya hata ikawa na ukoga wa kijani. Aidha kuna umande. Gari lililolala Isongole huamka na vyuma baridi. Abiria wakiingia na nguo zilizolowa na kufunga madirisha, vioo hufukiza mara moja, na kile tukionacho juu ya kioo hutokea pia, bila kuonekana, juu ya bweta la alumini na ndani yake. Kwa sababu hizi, mahali pazuri pa chombo hiki ni juu ya kibao kilichoinuliwa angalau sentimita tano kutoka sakafuni, au nyuma ya kiti, mapezi yake yakipata hewa. Wapo wanaokifunga kwa mfuko wa nailoni ili kisilowe. Huko ni kukipikia ndani ya sufuria.

Tugeukie sasa uchunguzi. Kifaa kinachohitajika ni mita ndogo ya umeme, ambayo hupatikana kwa bei isiyofikia hata sehemu ndogo ya bei ya kikuza sauti. Kabla ya kufungua au kufunga waya wowote, ondoa kwanza waya wa hasi wa betri, na uurudishe wa mwisho. Sababu yake ni kwamba bodi nzima ya gari ni hasi. Spana inayofungua ncha ya chanya, ikigusa bodi wakati hasi bado imefungwa, hutoa cheche kubwa, na betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni ambayo hulipuka.

Ikiwa chombo kimenyamaza kabisa na hata taa yake ndogo haiwaki, kuna nyaya tatu za kupima: wa chanya utokao betrini, wa hasi uendao kwenye bodi, na wa tatu, mwembamba, utokao kwenye redio. Huu mwembamba ndio unaokiamsha chombo redio inapowashwa. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye hasi ya chombo, na nyekundu kwenye chanya yake. Ukipata volti 12 au zaidi, hamishia nyekundu kwenye ule mwembamba, nao pia uoneshe kiasi hicho wakati redio inasema. Kama hauoneshi, basi kikuza sauti hakina kosa, bali hakuna aliyekiamsha. Kama chanya yenyewe haioneshi kitu, tazama fyuzi mbili, iliyo karibu na betri na iliyo kwenye bweta, na uzipime kwa mita badala ya kuziangalia kwa macho tu, maana fyuzi yaweza kuonekana nzima na kumbe imekatika penye mguu wake.

Ikiwa chombo kinawaka lakini hukoroma au huzima sauti ikipandishwa, pima hasara ya waya. Gari linguruma na muziki upigwe kwa nguvu. Ncha moja ya mita iwe kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye hasi ya kikuza sauti. Katika waya mzima utaona sehemu moja au mbili za kumi za volti. Ukiona nusu volti au zaidi, bolti ya bodi ifunguliwe, rangi ikwanguliwe kwa msasa hadi chuma king'ae, ifungwe kwa nguvu, kisha ipakwe grisi juu ili maji yasirudi. Upande wa chanya upimwe vivyo hivyo. Kazi hii ya dakika ishirini imefufua vikuza sauti vingi vilivyokwisha kuandikiwa kifo.

Vyombo vingi huwa na taa nyekundu ya kujilinda. Ikiwaka hiyo, usikimbilie kukifungua. Kizime, chomoa nyaya zote za spika, ukiwashe tena. Taa ikizimika, kosa liko kwa spika au nyaya zake, na mara nyingi ni waya uliochubuka chini ya zulia au penye bawaba ya mlango ukagusa bodi. Pima pia ukinzani wa kila spika. Ile ya omu 4 huonesha kati ya 3 na 4. Fundi akiunganisha spika mbili za namna hiyo sambamba, chombo huona omu 2, mkondo huongezeka maradufu, na kama hakikuundwa kwa mzigo huo, kitachemka na kujizima kila baada ya nusu saa. Lakini taa nyekundu ikibaki hata bila spika, transista za ndani zimekufa, na hapo ndipo fundi wa redio ahitajiwapo.

Ule mlio wa mbu una dalili yake: hupanda pale dereva anapokanyaga mafuta kwenye mlima wa Kiwira, na hushuka anapoachia. Chanzo ni altaneta. Umeme wake huzaliwa ukiwa wa mawimbi, nazo dayodi huunyoosha, ila mikunjo midogo hubaki. Redio na kikuza sauti vikiwa na hasi zilizofungwa mahali mbalimbali pa bodi, hasa kama mahali pamoja pana kutu, mikunjo hiyo hupita katika waya wa sauti na kukuzwa pamoja na muziki. Dawa ni kusafisha hasi zote mbili, na kuutenga waya wa sauti na ule wa umeme, mmoja upite kulia mwa gari na mwingine kushoto. Mlio usipokoma, altaneta ipimwe, maana huenda dayodi moja imekufa, na hiyo ni hasara ya betri na si ya masikio tu.

Yapo makosa mawili ambayo mwandishi huyu hayawezi kuyapita kimya. La kwanza ni kuufunga ule waya mwembamba wa kuamsha moja kwa moja kwenye chanya ya betri, eti kurahisisha kazi. Chombo basi hakilali kamwe. Kikitumia ampea moja tu, katika usiku wa saa kumi hunywa ampea-saa 10. Betri mpya ya ampea-saa 60 itavumilia. Ile iliyochoka, katika baridi ya Juni na Julai ambayo yenyewe hupunguza nguvu ya betri, haitavumilia, na alfajiri abiria watalisukuma gari kwenye ukungu.

La pili ni fyuzi. Niliwahi kuona gari dogo la abiria ambalo fyuzi yake, baada ya kukatika mara mbili, ilizungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Waya wa chanya ulipita katika tundu la ukuta wa chuma wa injini bila mpira wa kuukinga, ukasuguliwa kila siku kwa mtikisiko hadi shaba ikagusa chuma. Betri ya gari yaweza kutoa mamia ya ampea kwa muda mfupi. Fyuzi ya ampea 30 ingalikatika kabla dereva hajasikia harufu, lakini karatasi ile haikukatika upesi, na waya wote ukawa mwekundu chini ya miguu ya dereva. Bahati gari lilikuwa limesimama na mlango wa abiria uko wazi. Fyuzi haiwekwi kwa ajili ya kukilinda kikuza sauti bali kwa ajili ya waya, na kwa hiyo hukaa karibu na betri, isizidi nusu mita, ili pasiwe na kipande kirefu cha waya kisicho na mlinzi. Inapokatika mara mbili, ina jambo inaloonesha, nalo litafutwe.

Limebaki suala la magari ya volti 24, yaani malori yaendayo mpaka wa Kasumulu na baadhi ya mabasi madogo ya dizeli. Yana betri mbili zilizofuatana, na kikuza sauti cha volti 12 hufungwa mara nyingi kwenye moja yao. Sauti hutoka vizuri, na kosa halionekani kwa wiki kadhaa. Lakini altaneta huzichaji zote mbili kama kitu kimoja, haijui kwamba moja inanyonywa. Ile inayonyonywa haijai kamwe, na mwenzake hujazwa kupita kiasi hata maji yake yakachemka na kukauka, zikafa zote mbili. Iwapo dereva anaona betri moja daima inahitaji maji na nyingine haihitaji, na afuatilie waya wa redio unakoanzia. Tiba ni kipunguza volti, kifaa kinachochukua 24 kutoka betri zote mbili na kutoa 12. Kinunuliwe chenye uwezo wa ampea zinazozidi zile za kikuza sauti, na hicho nacho kisiwekwe chini ya kiti penye mbolea.