Konokono wa Kilindi cha Bahari: Vipi Hutambuliwa na Kupewa Jina

Bahari ina mengi, na tuyaonayo ufukweni ni machache kuliko yaliyofichika chini yake. Sisi wakazi wa Vigwaza tupo bara kidogo, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, wala mawimbi hatuyasikii. Lakini maji ya mto Ruvu yapitayo jirani nasi hushuka mpaka kuingia baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo, na watoto wetu wapelekwapo huko kutembea hawarudi mikono mitupu. Hurudi na makombe. Basi mwezi huu tumeona vema tuzungumze habari za kombe moja katika hayo, nalo ni la yule konokono wa baharini mwenye umbo la pia, mpana juu na mwembamba chini, na hasa yule akaaye kilindini ambako mzamiaji wetu hafiki. Tutaeleza vipi wenye elimu humtambua, vipi humpa jina, na kwa nini jambo hili latuhusu sisi wenye nyumba na watoto.

UKOO WAKE

Mtaalamu Linnaeus wa Uswidi alipotoa chapa ya kumi ya kitabu chake cha viumbe mwaka 1758, konokono hawa aliwapa jina la ukoo, Conus, yaani pia. Tangu hapo kila mmoja huitwa kwa majina mawili: la kwanza la ukoo, la pili lake mwenyewe. Aliyepambwa kama kitambaa kilichofumwa huitwa Conus textile. Mwenye mabaka kama ramani ya nchi huitwa Conus geographus. Wote wawili wamo katika miamba ya pwani yetu. Leo aina zinazojulikana duniani zakaribia elfu moja, na kila baada ya muda mfupi nyingine huongezwa, nyingi katika hizo zikitoka katika maji marefu.

Wenye elimu wenyewe hawakubaliani ukoo huu ugawanywe vipi. Mwaka 2009 Tucker na Tenorio waliugawa katika koo zaidi ya 80. Mwaka 2014 Puillandre na wenzake, baada ya kupima vinasaba, walisema koo kubwa ni nne tu: Conus, Conasprella, Californiconus na Profundiconus. Hili la mwisho ni jina lililotungwa na Kuroda wa Japani mwaka 1956, na maana yake ni pia wa kilindini. Msomaji asidhani kuwa mabishano haya ni ya bure. Mwenye kupanga vitabu katika kabati hubadilisha mpango kila apatapo vitabu vipya, na vitabu haviharibiki kwa kupangwa upya.

ALAMA ZITAZAMWAZO

Mtu asiyezoea hutazama rangi kwanza, na hapo ndipo rangi humdanganya. Yupo konokono aitwaye Conus pennaceus, ambaye katika pwani yetu ya Afrika Mashariki huvaa mavazi mengi mno: mmoja mweusi, mwingine wa rangi ya chungwa, wa tatu mwenye madoa meupe makubwa, wote wakiwa ndugu. Kwa sababu hiyo alikwisha kupewa majina mengi yasiyo na haja.

Mwenye kuijua kazi huanza na umbo. Hupima urefu wa kombe na upana wake, akatazama mnara wa juu kama umeinuka au umelala, na bega kama ni la mviringo au lina kona. Kisha huchukua kioo cha kukuza akatazama ncha kabisa ya mnara, kwani pale lipo kombe dogo la utoto wake. Likiwa na mizunguko mingi, hujulikana kuwa mtoto alielea baharini siku nyingi kabla ya kutua, na kwa hiyo aina ile yaweza kuenea mbali. Likiwa na mizunguko michache, hujulikana kuwa hakwenda mbali na pale alipozaliwa.

Baada ya hapo hutazama jino. Konokono huyu ni mwindaji, na jino lake ni kama mshale ulio wazi ndani, wenye ncha na vichongo, ambao huurusha kwa mnyama amtakaye na kumtia sumu. Wapo wala minyoo, wapo wala konokono wenzao, na wapo wala samaki, na kila kundi lina jino lake. Mwisho hupimwa vinasaba vya nyama yake.

Lakini hayo yote hayatimii bila jambo moja ambalo halimo katika kombe lenyewe: kuandikwa mahali alipotolewa, na mita ngapi chini. Kombe lisilo na habari hiyo ni kama barua isiyo na anwani.

KISA CHA KOMBE MOJA LENYE MAJINA MAWILI

Mwaka 1894 tabibu Mfaransa aitwaye Jousseaume, ambaye alikusanya makombe mengi ya Bahari ya Shamu na Aden, alieleza konokono mkubwa mzuri wa Aden, mwenye mnara mrefu wa ngazi na mwili mwembamba uliojaa pembetatu nyeupe zilizozungushiwa hudhurungi. Alimwita Conus milneedwardsi, kwa heshima ya Alphonse Milne-Edwards, mkuu wa nyumba ya viumbe ya Paris.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1899, Waingereza Melvill na Standen walieleza konokono kutoka upande wa India, aliyekusanywa na Townsend, mtu wa meli ya kutengeneza nyaya za simu zilizolazwa chini ya bahari. Walimwita Conus clytospira, yaani mwenye mnara mtukufu. Makombe yalipokuja kulinganishwa, wataalamu wengi waliona kuwa hawa si wawili bali ni aina moja. Kanuni ya kazi hii ni kuwa jina lililotangulia ndilo lishikalo. Basi la mwaka 1894 likabaki kuwa jina la aina, na la mwaka 1899 likawekwa kuwa jina la tawi lake la upande wa India. Mwaka 1989 likatajwa tawi jingine, lemuriensis.

Leo twajua kuwa konokono huyu ameenea tangu Bahari ya Shamu mpaka Msumbiji, yaani pwani yetu imo katikati ya makao yake. Hukaa zaidi ya mita 50 chini, na pengine kupita 100, na kombe lake huweza kuzidi sentimita 15. Kosa la majina mawili halikutokana na ujinga. Lilitokana na uchache wa makombe yaliyoonekana, na umbali uliokuwa baina ya waliyoyaona.

WALIOTAFUTA KATIKA BAHARI YETU

Meli ya Kijerumani Valdivia, katika safari yake ya mwaka 1898 na 1899, ilifika Dar es Salaam na kukokota nyavu zake katika maji marefu, na Eduard von Martens wa Berlin akaandika habari za konokono iliowapata. Tena mwaka 1933 ilitoka Alexandria meli ya Misri, Mabahiss, yenye mabaharia Wamisri, na miongoni mwa wataalamu wake walikuwamo Hussein Faouzi na Abdel Fattah Mohamed. Meli hiyo ilifanya kazi mpaka bahari ya Unguja, ikarejea mwaka 1934. Kwa maji mafupi, Spry alichapisha mwaka 1961 orodha ya konokono wa baharini wa Dar es Salaam katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Siku hizi vya kilindini huletwa zaidi na wavuvi kuliko na safari za elimu. Samaki yule wa kale aitwaye silakanti alijulikana katika maji ya Tanzania kuanzia mwaka 2003 kwa sababu ya nyavu zilizotegwa katika maji marefu, na hifadhi yake ikawekwa Tanga mwaka 2009. Kombe la kilindini nalo huja hivyo hivyo, limenaswa pamoja na kamba na samaki. Likiuzwa pasipo mtu kuandika lilikotoka, huwa pambo la kabati, na elimu yake imekwisha.

SUMU NA DAWA

Sumu ya kila aina ni mchanganyiko wa vitu vingi, wala haifanani na ya aina nyingine. Katika sumu ya Conus magus ilipatikana dawa ya maumivu makali, zikonotaidi, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2004. Hutiwa katika maji ya uti wa mgongo, wala haimtawali mgonjwa kama afyuni. Mwaka 2015 ilijulikana kuwa Conus geographus hutumia insulini kuwalegeza samaki, na wataalamu wa ugonjwa wa sukari wanaichunguza. Basi mwenye kukosea jina la konokono amekosea na sumu aipimayo.

Lakini Conus geographus huyo huyo ameua watu, na dawa ya kuzuia sumu yake haijapatikana. Mchomo wake pengine hauumi sana, kisha viungo hulegea na pumzi hukatika. Kwa hiyo twawanasihi wazazi: watoto wafundishwe kuwa konokono mwenye umbo la pia, akiwa hai, hashikwi kwa mkono wala hatiwi mfukoni, kwani mrija wake huweza kunyooka ukafika popote katika kombe lake. Aliyechomwa atulizwe, asitembezwe, apelekwe hospitali upesi. Na pumzi ikikatika, apuliziwe hewa bila kukoma mpaka afike kwa tabibu.

Na mtoto aletaye kombe tupu nyumbani asikaripiwe. Apewe kipande cha karatasi, aandike siku, mahali, na kama lilikuwa mchangani au katika wavu wa mvuvi, kisha akiweke ndani ya kombe lake.