Dawa za Kwetu: Dhamana ni ya Nani?

Ukipita Markiti ya Mombasa asubuhi, pua hukuambia ulipofika kabla ya macho. Hapa iliki, pale mdalasini, kule karafuu na bizari. Na baina ya viungo vya mchuzi zimepangwa dawa: habba soda, uwatu, sanamaki, ubani, na magome ambayo majina yake wayajua wachache. Mteja haulizi kama hiki ni kiungo au dawa, kwani kwetu sisi watu wa pwani jiko na dawa ni majirani wa ukuta mmoja. Tangawizi ile ile itiwayo katika kahawa ndiyo itiwayo katika dawa ya kifua.

Mimi ni mmoja wa waliolelewa kwa dawa hizo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na mkoba wake wa ukindu uliotundikwa nyuma ya mlango, na hakuna mtoto aliyeugua katika mtaa wetu ila mkoba ule ulifunguliwa. Kwa hivyo nisemayo leo sisemi kwa dharau. Nasema kwa sababu naona jambo limezidi. Zamani dawa ilitoka mkononi mwa mtu uliyemjua, mama wa fulani, jirani wa fulani, naye akesha kukutazama usiku kucha. Siku hizi dawa yauzwa kwa kipaza sauti nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa, chupa moja yatibu presha, kisukari, nguvu za kiume na jicho la hasidi, na muuzaji kesho hayupo. Ndipo najiuliza: dhamana ni ya nani?

Tuanze na asili yake, maana wako wanaodhani dawa za kwetu ni mambo ya kubahatisha tu. La, hasha. Zina elimu yake, na athari ya elimu hiyo imo katika ndimi zetu hata leo. Maumivu ya viungo twayaita baridi yabisi. Kwa nini yabisi? Kwa sababu mabwana wa tiba wa kale, tangu Wayunani, wakaja kina Ibn Sina, aliyefariki mwaka wa 1037, waligawa tabia za mwili na za vyakula kuwa nne: joto na baridi, ukavu na unyevu. Yabisi ni ukavu. Balghamu nayo ilikuwa moja ya maji manne ya mwili. Mama akikukataza dafu ukiwa na mafua kwa kuwa dafu ni baridi, anasoma katika kitabu ambacho hakupata kukiona. Kitabu hicho cha Ibn Sina, Al-Qanun fi al-Tibb, kilifasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12 na kikasomeshwa katika vyuo vya Ulaya kwa mamia ya miaka.

Lakini elimu hukua. Neno safura latokana na nyongo ya manjano ya mabwana hao. Leo twajua kwamba safura yaletwa na minyoo waingiao kwa nyayo za mtu atembeaye bila viatu. Jina la ugonjwa limebaki, sababu imebadilika. Nasi hatuna budi kushika yote mawili: heshima kwa wa kale na masikio kwa wa sasa.

Na wa sasa hawakuzikanusha dawa za miti. Mafuta ya karafuu hutuliza jino, na madaktari wa meno wenyewe huyatumia. Sanamaki hutumika hospitalini kufungua choo. Tangawizi hupunguza kichefuchefu, na asali hutuliza kikohozi. Kwinini ni ganda la mti, ambalo mafundi wawili wa Kifaransa waliitoa dawa yake mwaka wa 1820. Na hii dawa ya malaria tunayopewa zahanati leo, ile ambayo Kenya iliichagua mwaka wa 2004 baada ya nyingine kushindwa, asili yake ni jani la Uchina. Mama mmoja mtaalamu, Tu Youyou, alisoma katika kitabu cha tabibu wa karne ya 4 kwamba jani lile hurowekwa majini likakamuliwa, si kuchemshwa. Akafahamu kwamba moto ndio uliokuwa ukiharibu dawa. Mwaka wa 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Tazama basi: kitabu cha kale kilimwonyesha njia, lakini hakutosheka nacho, alipima, akajaribu, akaijua kadiri. Shirika la Afya Duniani mpaka leo halishauri watu wanywe chai ya jani lile kwa kutibu malaria, kwa kuwa kikombe hakijulikani kina dawa kiasi gani.

Sasa tuutazame mwarubaini, ambao wengine kwetu huuita mkilifi. Mti huu asili yake ni Bara Hindi, nasi tumeupokea hata tukausahau ugeni wake. Jina lake lasema watibu maradhi arubaini. Ni kweli kwamba mti huu hufukuza wadudu, na wataalamu wameutafiti sana kwa kazi hiyo. Kuoga maji ya majani yake kwa upele, au kufukiza mbu, sina neno. Lakini kumywesha mtoto mwenye homa kali, huku malaria yampanda kichwani, ni jambo jingine. Homa ile haingoji. Ikifika ubongoni mtoto hushikwa na kifafa, nasi twasema ni degedege, na kumbe kila saa ipitayo yapunguza maisha yake. Mafuta ya mbegu zake ndiyo mabaya zaidi: mwaka wa 1981 madaktari huko Malaysia waliandika habari za watoto wachanga waliopata kifafa na kudhurika maini baada ya kunyweshwa. Na mama mjamzito asiyaguse kabisa.

Yako na mengine madogo madogo ambayo tumeyazoea hata hatuyaoni. Asali ni ponyo, na Kurani imelitaja hilo katika Surat An-Nahl. Lakini mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe, kwani huweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo changa haliviwezi, vikamlegeza viungo mpaka pumzi. Anayetaka kumfanyia mwanawe tahniki atumie tende laini, kama ilivyopokewa katika hadithi, na kidogo tu kikitosha. Wanja nao, wanja wa jiwe, mara nyingi huwa na madini ya risasi, na risasi ni sumu ya ubongo wa mtoto. Uzuri wa jicho haufai kununuliwa kwa akili. Na chuku, ambayo vijana wa leo huiita hijama, si vibaya kwa mwenye kuitaka, ila wembe uwe mpya na kila kikombe kiwe safi, kwa kuwa ukimwi na ugonjwa wa maini hupita katika damu. Mwumishi asemaye wembe wake ameuchemsha, muage kwa salamu uende zako.

Wako watakaosema: Je, huyu mwandishi hamwamini Mtume, rehema na amani zimshukie, aliyeisifu habba soda? Namwamini, na ndiyo maana nataka tuyasome maneno yake yote. Imepokewa katika Abu Daud kwamba Saad bin Abi Waqqas alipougua, Mtume alimwelekeza kwa Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye kujua utabibu. Na imepokewa vile vile kwamba anayejitia utabibu na haujui, basi dhamana ni yake. Hilo ndilo neno ambalo wenye vipaza sauti hawalisomi. Hata kombe, la zafarani na marashi, ambalo wengi wetu tumelinywa tangu utoto, mwalimu wangu wa chuo aliliandika kwa mkono wake kisha akamwambia mama: sasa mpeleke hospitali. Hakuona kwamba dua na sindano ni maadui.

Namjua fundi mmoja wa cherehani, mtu wa heshima, aliyekuwa na kisukari. Alikuwa akimeza vidonge vyake vizuri mpaka alipouziwa unga wa mbegu na mizizi, akaambiwa vidonge vyamaliza figo, aviache. Kweli wako waliochunguza habba soda wakaona yaweza kusaidia kuteremsha sukari kidogo. Lakini kusaidia dawa si kuchukua mahali pa dawa. Miezi haikuwa mingi, kidonda kidogo cha kidole hakikupona, na mguu ukakatwa chini ya goti. Cherehani yake ni ya kukanyaga. Nilipokwenda kumtazama alinionyesha mkebe wa unga ule. Haukuwa na jina la mtu wala la mahali. Huyo ndiye mdhamini wake: mkebe.

Hata hivyo, haki isemwe pande zote. Fundi yule hakuikimbia hospitali bila sababu. Alingoja foleni tangu alfajiri, akaambiwa dawa hakuna, akanunue nje. Na alipotaja mitishamba alikaripiwa kama mtoto. Mgonjwa anayekaripiwa huficha, na daktari asiyejua mgonjwa anywa nini huweza kumdhuru bila kukusudia. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 imeitambua tiba ya asili na kutaka kuwe na utaratibu wa kumpeleka mgonjwa kutoka kwa mganga hadi hospitalini. Yafaa utaratibu huo uonekane mitaani, usibaki karatasini.

Nami kwa upande wangu nawashauri jamaa maswali manne kabla ya kufungua mfuko. Ni nani aliyeitengeneza, na yu wapi nikimtaka kesho? Ndani mna nini? Kwani katika nchi nyingi zimekamatwa poda ziitwazo za miti na ndani zimechanganywa vidonge vya kizungu vilivyosagwa. Je, ananiambia niache dawa ya daktari? Akisema niache, huyo si mganga, ni mchuuzi. Na la nne, nikimwambia daktari wangu kuwa nayatumia haya, nitaona haya? Ukiona haya, basi moyo wako umekwisha kukujibu.

Nami hufunga kama ada yangu, kwa ubeti mmoja:

Dawa sikuzikataa, za miti na za mizizi,
Nawausia jamaa, tusiache uchunguzi,
Mganga mwenye tamaa, huuza hata machozi,
Na roho ikishapaa, hairudi kwa hirizi.