Baraka na alama takatifu katika dini ya jadi ya Wasukuma

Baraka na alama takatifu za Wasukuma ni sehemu ya dini ya jadi ya kabila hilo, ambalo ni kubwa kuliko yote nchini Tanzania na huishi kusini mwa Ziwa Viktoria. Dini hiyo haina kitabu wala nabii. Mungu, anayeitwa Liwelelo au Seba, huhesabiwa kuwa mbali. Wanaoombwa zaidi ni masamva, yaani roho za mababu.

Masamva hujengewa vibanda vidogo vya nyasi uani. Hapo mkuu wa kaya humwaga pombe au unga, huwataja marehemu kwa majina na kuomba mvua, watoto na afya. Mgonjwa humwendea mfumu (mganga), ambaye hupasua kuku na kumchunguza ili kujua ni babu yupi amesahauliwa.

Mtemi alikuwa zaidi ya mtawala, kwa kuwa mvua na rutuba ya ardhi vilitegemewa kwake. Ukame wa kurudiarudia uliweza kumng'oa. Alama zake zilikuwa ngoma, kiti cha enzi, ngozi ya simba na kisahani cheupe cha kombe la baharini. Kombe hilo lilitoka Bahari ya Hindi, mamia ya kilomita kutoka ziwani, na bila shaka umbali huo uliliongezea heshima.

Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963. Msomaji aliyeko Nyegezi au Mwanza mjini anaweza kuona ngoma na viti hivyo katika Makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na padre David Clement. Katika kanisa la hapohapo altare ina umbo la kiti cha mtemi. Kuchanganyika huku si kwa Usukuma peke yake: huko Trendgården, Denmark, ilipatikana kalibu ya jiwe ya karne ya 10 iliyotumika kusubu misalaba pamoja na nyundo za mungu Thor.

Watu wengi huyaita haya yote ushirikina, na huko ni kurahisisha mno. Wasukuma wenyewe humtofautisha mfumu, anayeponya, na nogi, yaani mchawi. Hata hivyo mpaka huo huvukwa pale mfumu anapomtaja jirani kuwa ndiye chanzo cha ugonjwa. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga vikongwe wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, baadhi yao kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi hutokana na moshi wa jikoni.