Kujua na Kutenda: Saikolojia Katika Afya ya Vijana

Mara nyingi hudhaniwa kwamba kijana akishaelezwa hatari ya magonjwa ya zinaa, mwenendo wake utabadilika. Kazi ya mtafiti wa saikolojia ni kuipima dhana hiyo, kama mkemia apimavyo dhana yake katika maabara. Lakini maabara ya mwanasaikolojia ni kijiji, na jambo alipimalo hutendeka faraghani.

Mfano mashuhuri nchini Tanzania ni mradi wa MEMA kwa Vijana, mkoani Mwanza. Jamii 20 ziligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Katika jamii 10, wanafunzi wa darasa la 5 hadi la 7 walifundishwa na walimu wakisaidiwa na vijana wenzao, na wahudumu wa zahanati walifunzwa kuwapokea vijana kwa staha. Jamii 10 nyingine zilikuwa za kulinganishia. Masomo yalitegemea nadharia iliyoenezwa na Albert Bandura: mtu hujifunza kwa kuwaona wengine, na hutenda jambo anapoamini kuwa analiweza.

Vijana waliosajiliwa mwaka 1998 walichunguzwa tena mwaka 2001 na 2002. Maarifa yao yalikuwa yameongezeka. Hata hivyo, vipimo vya damu havikuonyesha kwamba maambukizi ya virusi vya ukimwi yamepungua. Uchunguzi wa mwaka 2007 na 2008, uliohusisha vijana zaidi ya 13,000, ulitoa jibu lile lile.

Jambo jingine lilidhihirika. Baadhi ya vijana walijibu katika hojaji kwamba hawajapata kujamiiana, ilhali vipimo vilionyesha mimba au ugonjwa wa zinaa. Kwa hiyo maneno ya mtu, peke yake, si kipimo cha kutosha. Ndiyo maana watafiti wengine waliishi vijijini, wakishiriki kazi na mazungumzo ya wenyeji. Huko waliona nguvu ya desturi: zawadi na fedha katika mapenzi, uwezo mdogo wa msichana kukataa, na wazazi kuona haya kuzungumza na watoto wao.

Haya hiyo si ngeni wilayani Rungwe. Godfrey na Monica Wilson, waliowachunguza Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, walieleza jinsi wavulana wa miaka kama 10 walivyohama nyumba za wazazi na kujenga vibanda vyao pamoja na marika wenzao. Shabaha moja ilikuwa kutenganisha mambo ya unyumba ya kizazi kimoja na kingine. Vijiji vya rika vya namna hiyo vimetoweka, lakini vinaonyesha kwamba kijana hakujifunza haya kwa baba yake, bali kwa rika lake.

Basi mwalimu wa Suma au Tukuyu afundishapo somo hili, asidhani kwamba anaandika juu ya ubao mtupu. Mwanafunzi huja na mafunzo ya rika, na hurudi kwenye desturi za jamii. Somo la darasani ni la lazima, lakini halitoshi mpaka rika, wazazi na zahanati navyo vifundishe lililo jema.