Magitaa ya kale ya Marekani: Rangi mpya yashusha bei

Baadhi ya wenye fedha wanaotafuta mahali pa kuziweka nje ya benki na hisa huvutiwa na magitaa ya kale ya Marekani, hasa yale ya jazi ambayo uso wake umechongwa ukabinuka kama wa fidla. Soko lake lipo, lakini ni dogo, na asiyejua anachonunua huumia siku ya kuuza.

Linalotafutwa sana ni L-5 la kampuni ya Gibson, lililotoka mwaka 1922 huko Kalamazoo, Michigan. Yenye bei ya juu ni yale yaliyo na karatasi ya saini ya Lloyd Loar ndani, kwa vile mtaalamu huyo aliondoka Gibson mwishoni mwa 1924. Hata hivyo karatasi yaweza kubandikwa na yeyote, hivyo gitaa hukaguliwa lote.

Mwingine ni John D'Angelico wa New York, aliyefungua karakana yake mwaka 1932. Hadi kufa kwake mwaka 1964 alikuwa ametengeneza magitaa 1,164 tu. Jina lake leo limo pia kwenye magitaa mapya yanayotengenezwa Asia, ambayo ni bidhaa nyingine kabisa.

Umri peke yake hauleti bei. Gitaa lililopakwa rangi upya, hata kwa ustadi, huhesabiwa na wauzaji kuwa limepoteza kama nusu ya thamani. Kadhalika lile ambalo mwenyewe alilitoboa uso ili aweke kinasa sauti cha umeme. Mikwaruzo ya miaka mingi haitishi. Kinachotisha ni fundi mwenye bidii. Kipande cha seluloidi kinachokinga uso nacho huoza kwa uzee na kutoa hewa inayokula vyuma vya gitaa. Hutolewa na kuwekwa kando, wala hakitupwi, kwani mnunuzi atakiulizia.

Kuhusu faida, hesabu ni hii. Mwaka 1934 Gibson ilitoa gitaa la Super 400, jina lililotokana na bei yake ya dola 400. Kwa mfumuko wa bei wa Marekani, fedha hizo ni zaidi ya dola 9,000 za leo. Anayeuza chini ya hapo amepata hasara, achilia mbali bima na matengenezo, na katika miaka yote hiyo gitaa halikulipa riba wala gawio.

Duka nalo hununua kwa bei ya chini kuliko litakavyouza, ili lipate chake. Anayekataa bei hiyo huliacha gitaa dukani liuzwe kwa kamisheni, na kwa kuwa wapenzi wengi wa aina hii ni watu wazima ambao tayari wanayo, laweza kukaa huko miezi mingi.