Kengele Inaponyamaza

Katika shule za bweni za Kakamega, ratiba ya mwanafunzi huamuliwa na kengele. Ikilia, anaamka; ikilia tena, anakwenda kula, kisha masomo ya jioni. Simu hairuhusiwi, kwa hiyo anachopanga mwenyewe huandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku.

Halafu anajiunga na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichochipuka kutoka Chuo cha WECO cha mwaka 1972, na kengele inanyamaza.

Hapo ndipo simu inaponoga. Mihadhara huhamishwa ukumbi, saa hubadilishwa, na habari hutua kwenye kundi la WhatsApp usiku wa manane. Kalenda ya simu, kama Google Calendar iliyozinduliwa mwaka 2006, husahihishwa kwa kugusa mara chache, hurudia kipindi cha kila wiki bila kuandikwa upya, na hukumbusha hata bando likiisha. Ila mtu wa saa nne asubuhi ajihadhari: simu inataka 10:00. Akiandika 4:00, ataamshwa alfajiri.

Daftari nalo lina nguvu yake. Halizimiki umeme ukipotea Lurambi, kilipo chuo, wala halimwiti mwenyewe kwenye TikTok. Mvua ya alasiri ya Kakamega tu ndiyo adui yake.

Wenye busara hugawanya kazi: tarehe za mitihani na za kuwasilisha kazi huingia kwenye simu, na kengele ya siku tatu kabla; mambo ya leo, matatu au manne, huandikwa kwa kalamu na kukatwa mstari yakiisha.