Bwawa la Mchanga, Ukuta Unaozika Maji

Je, wajua kwamba kuna mabwawa yanayojengwa ili yajae mchanga? Mhandisi wa bwawa la kawaida huuhofia mchanga kwa sababu kila tani inayoingia huchukua nafasi ya maji. Huko Ukambani, mashariki mwa Kenya, wanakijiji huziba mto kwa ukuta wa mawe na saruji, kisha hukaa wakingojea mafuriko yalete mchanga. Mchanga ukifika ukingo wa juu wa ukuta, hapo ndipo bwawa huhesabiwa kuwa limeiva.

Kwa nini mtu mwenye kiu ajaze bwawa lake mchanga? Jibu limo katika tabia ya mito ya kule. Mito mingi ya Machakos, Makueni na Kitui ni ya msimu. Mvua ya vuli, ile ya Oktoba hadi Desemba ambayo wakulima wa huko huitegemea kuliko masika, ikinyesha milimani, mto hushuka kwa kishindo, maji ya rangi ya kahawia yakikokota magogo na udongo wa mashamba. Baada ya muda mfupi kelele zimekwisha, na si siku nyingi mto ni barabara pana ya mchanga ambayo ng'ombe huivuka bila kulowa kwato. Maji mengi ya Machakos na Makueni yameteremka hadi mto Athi, ambao ukikaribia pwani huitwa Sabaki na kuingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Msimu wa mafuriko, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya matope. Udongo ule unaowashangaza wageni ufukweni umetoka bara, na sehemu yake ni ya mashamba ya Ukambani.

Lakini si maji yote huondoka. Wakamba wamejua tangu zamani kwamba chini ya mchanga mkavu mto haujafa. Kiangazi kikipamba moto, mama hushuka mtoni na punda wake, akachagua mahali ambapo mwamba uko karibu, akaanza kufukua. Mchanga wa juu ni wa moto na unamwagika mikononi. Akienda chini kidogo unakuwa baridi, kisha unashikana, kisha unang'aa. Hapo hutulia. Maji huanza kujikusanya polepole katikati ya shimo, na yeye huyateka kwa kata au kikombe, akayamimina katika mtungi wa lita 20, akangoja tena. Akiondoka huzungushia shimo matawi ya miiba ili mifugo isiingie. Kadiri kiangazi kinavyosonga, shimo huzidi kwenda chini, hata mtu akiingia ndani haonekani, na kuta za mchanga zinaweza kumporomokea.

Bwawa la mchanga halikuleta elimu mpya mahali pale. Lilichukua elimu ya shimo lile na kuipa ukuta.

Ukuta ukishajengwa, mafuriko yanayoufikia hupunguza mwendo. Maji yanayokwenda kasi hubeba kila kitu, lakini yakipoa huanza kuacha mizigo yake, na mizito ndiyo huachwa kwanza. Hapo mto hupepeta kama mwanamke mwenye ungo: chembe nzito za mchanga hubaki nyuma ya ukuta, na tope jepesi hupita juu yake na kwenda zake. Baada ya misimu michache, pengine mmoja tu kama mvua ni kubwa, nyuma ya ukuta kuna tandiko la mchanga lenye kina cha mita kadhaa, likirudi nyuma mtoni kwa mamia ya mita.

Katikati ya chembe za mchanga kuna nafasi tupu. Zikijumlishwa, hufika kama asilimia 25 hadi 40 ya ujazo wote, na maji hujaa humo. Ukubwa wa chembe ndio siri yenyewe. Udongo wa mfinyanzi pia una nafasi nyingi, tena nyingi kuliko mchanga, ila ni nyembamba mno, na maji yakiingia hung'ang'ania humo yasitoke hata ukichimba kisima. Mchanga wa chembe kubwa hupokea maji upesi na kuyatoa upesi. Ndiyo maana bwawa lililojaa tope ni hasara tupu, hata likiwa na ukuta mzuri namna gani.

Tena kuna jua. Katika nyanda kavu kama hizi, bwawa la wazi linaweza kupoteza kina cha zaidi ya mita moja na nusu kwa mwaka kwa mvuke peke yake. Maji yaliyozikwa mchangani hayana shida hiyo. Sehemu ya juu ikishakauka huwa kifuniko, na kuanzia kina cha kama mita moja kwenda chini, jua halina la kufanya. Mbu nao hawana pa kutagia mayai. Na maji yanapopenya mchanga huacha humo uchafu mwingi yaliokuja nao.

Kujenga si kurundika mawe. Kwanza hutafutwa mahali mto unapobana na mwamba uko karibu na uso. Wazee huulizwa ni shimo gani ambalo halikauki hata mwezi wa Septemba, na mikuyu iliyosimama ukingoni hutazamwa, kwa kuwa mkuyu huota penye maji ya karibu. Kisha huchimbwa mtaro kuvuka mto hadi mwamba wenyewe. Mwamba husuguliwa na kuoshwa, nyufa zake huzibwa, na nondo husimikwa ndani yake, maana maji yakipata upenyo chini ya ukuta, mchanga utakaa na maji yatatoroka. Baada ya hapo hufungwa mbao za umbo, na ndani hupangwa mawe na saruji, tabaka juu ya tabaka. Ncha mbili za ukuta huingizwa mbali ndani ya kingo. Fundi akizifanya fupi, mto huuzunguka ukuta, hukata ukingo mpya, na kazi yote hubaki imesimama peke yake kwenye nchi kavu.

Nguvu kazi ni mwethya, vikundi vya Wakamba vya kusaidiana, na wengi wao ni wanawake. Hao ndio huvunja mawe, husomba mchanga na maji, na kupitishana karai za saruji kutoka mkono hadi mkono. Kwa kawaida mfadhili hutoa saruji, nondo na fundi, na kijiji hutoa yaliyobaki. Sioni haki kuuita mradi kama huo msaada. Wanaobeba mawe ndio wenye bwawa.

Mabwawa ya namna hii yalijengwa Ukambani tangu miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, lakini yaliyoenea ni yale ya wananchi. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na wenzake walianzisha kikundi cha Utooni huko Machakos, wakaanza kujenga, na kikundi hicho kikakua kuwa shirika lililojenga katika eneo kubwa la Ukambani. Kitui nako, shirika la SASOL lilijenga mamia ya kuta, mara nyingi moja baada ya nyingine katika mto uleule, hata usawa wa maji ya ardhini ukapanda bonde zima. Kingo za mto huanza kulowa kwa ndani. Watu hupanda sukumawiki, nyanya na miche ya maembe pale ambapo zamani palikuwa na vichaka tu, na matuta ya fanya juu mashambani huuzuia udongo usiteremke kuja kulichafua bwawa.

Lakini bwawa la mchanga haliwezi kujengwa kila mahali. Mto usiokuwa na mchanga wa chembe kubwa haufai, na penye udongo laini ukuta hukusanya tope. Wahandisi wengine hushauri ukuta uinuliwe kwa hatua, kidogo kila msimu, ili maji yabaki na kasi ya kutosha kulipitisha tope juu. Njia hiyo ni ya gharama na ya usumbufu, kwa sababu lazima watu warudi kazini tena na tena, ila naiona ndiyo sahihi kwa mito yenye tope jingi. Shimo la wazi nalo si salama hata pakiwa na bwawa: punda hunya palepale. Penye uwezo, bomba hulazwa chini kabisa ya mchanga likiwa na matundu na kokoto, au huchimbwa kisima ukingoni, kikafunikwa na kuwekewa pampu ya mkono. Bila hilo, ni vyema maji ya kunywa yachemshwe.

Adui mkubwa kuliko tope ni lori. Nairobi inajengwa kwa saruji, na saruji inataka mchanga. Kwa miaka mingi malori yamekuwa yakishuka kwenye mito ya Machakos na Makueni, mengine usiku, yakaiacha mwamba mtupu. Piga hesabu. Lori moja la mita 10 za ujazo huondoka na nafasi ya lita 3,000 za maji kama nafasi tupu ni asilimia 30. Hiyo ni mitungi 150 ya lita 20, tena si mara moja, ni kila msimu ambao mvua ingekuja kuijaza. Mchanga ukiisha, mashimo hukauka, kingo huporomoka, na nguzo za madaraja hubaki wazi. Watu wamepigana kwa ajili ya mchanga huo, na wengine wamekufa. Mwaka 2015 kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga, ikaunda mamlaka ya kusimamia uchotaji wake. Ilifanya vyema, na kaunti jirani zina sababu zote za kuisimamia kazi hiyo kwa ukali uleule, kwa kuwa mto hautambui mpaka wa kaunti.

Wewe unayejenga nyumba, kabla ya kulipa lori la mchanga, muulize dereva mchanga huo umetoka mto gani na kibali kiko wapi. Akikosa jibu, tafuta mwingine.